Kungoja Matokeo ya Pili

Nilipostaafu mwezi uliopita, vijana wa chumba cha habari walinipa saa ya ukutani. Sijui nani aliamua kwamba saa ndiyo inayomfaa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Pamoja na hiyo saa waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kuripoti sayansi na mazingira, wazisome wale watakaokalia kiti changu. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza nilivyojifunza kazi, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya nililifanya nikiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, na sijawahi kuliandika popote.

Nilizaliwa na kukulia Mbotela, mtaa wa Nairobi, kwenye zile nyumba za zamani karibu na Jogoo Road. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Industrial Area na alifariki nikiwa darasa la saba. Mama alishona sare za shule kwenye cherehani yake ya miguu, pale nje ya mlango, na cherehani hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi vimerudi, na kila aliyesomea uandishi wa habari alitaka kuandika siasa. Mimi pia nilitaka. Lakini darasa la siasa lilijaa kabla sijafika mbele ya foleni, na karani alipoangalia alama zangu za kemia akaniandika kwenye darasa la sayansi na mazingira bila kuniuliza. Tulikuwa sita. Wenzetu wa siasa walituita watu wa vyura, na sisi tulinyamaza kwa sababu hata sisi tulidhani tutaandika habari za vyura.

Mwalimu wetu, Dkt. Achola, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alitutuma Kariobangi, kwa mafundi wa jua kali, tuandike ukurasa mmoja kuhusu kelele. Niliandika kwamba kulikuwa na kelele nyingi sana. Alizungushia neno "nyingi" kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika maneno mawili tu: kuliko nini? Kisha akanirudisha.

Nilirudi huko nimenuna. Kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akigonga mabati ya kutengenezea masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nilimwita kutoka nyuma mara ya kwanza, mara ya pili, nikasogea, nikamwita tena. Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega. Alicheka, akaniambia, "Siste, ukitaka kuongea na mimi simama mbele. Huko nyuma nilishafunga duka." Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Niliandika hayo tu, na umbali niliokuwa nimesimama kila nilipomwita, na Dkt. Achola hakuzungushia neno lolote. Mpaka leo nikisoma habari ya mmoja wenu inayosema hewa imechafuka sana, mkono wangu hutafuta kalamu nyekundu.

Mwalimu wa pili hakuwa mwalimu. Mzee Mutiso alikuwa fundi wa maabara ya kemia, mtu wa koti jeupe lililokuwa limegeuka rangi ya chai. Yeye ndiye aliyetufundisha kuchukua sampuli. Chupa huoshwa kwa asidi, halafu husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale unayokwenda kuyachukua. Usiiguse midomo yake kwa kidole. Andika mahali, saa na tarehe papo hapo, kabla ya kupiga hatua moja, na uandike kwa penseli. Hilo la penseli alilirudia mpaka tukamwigiza tukiwa kantini. Alisema wino huogopa maji, penseli haiogopi kitu. Kuhusu watu hakutufundisha, na sidhani kama ilikuwa kazi yake.

Dkt. Achola naye alikuwa na kanuni moja aliyoiweka juu ya nyingine zote. Jibu moja la maabara, alisema, ni uvumi uliovaa koti jeupe. Usilitangaze. Usilinong'oneze. Rudi uchukue sampuli tena, ngoja matokeo ya pili, na yakikubaliana na ya kwanza ndipo una habari. Kanuni hiyo ni nzuri, na nimewafundisha baadhi yenu mimi mwenyewe. Naomba mkumbuke kwamba naisifu, kwa sababu ninayoyaeleza sasa niliyafanya kwa jina lake.

Mwaka wa tatu kila mmoja wetu alitakiwa kufanya uchunguzi wake. Wangu niliuona kila asubuhi nikitoka nyumbani. Nje ya lango la mtaa wetu alikaa mama mmoja kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga aliyeuza sukuma wiki na kunde. Tulimwita Mama Nekesa, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Bungoma, mume wake kibarua wa kiwandani, na mboga zake alizilima mwenyewe kwenye kipande cha ukingo wa mto kisicho cha mtu. Alifika saa moja na gunia mgongoni, na jioni kiti chake na beseni lake vililala kwetu nyuma ya cherehani. Saa nne mama alimpelekea chai. Mama alikuwa Mkikuyu asiyejua neno la Kibukusu, Mama Nekesa hakujua la Kikuyu, lakini kwa Kiswahili chao cha Mbotela wangeweza kumaliza asubuhi nzima wakimsema kasisi. Mama hakuwa na dada Nairobi, na nadhani huyu ndiye aliyekuwa dada yake.

Sukuma zake zilikuwa kubwa, za kijani kilichokoza karibu kuwa nyeusi. Nilizila tangu kidato cha pili. Darasani tukafundishwa kuhusu madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari, jinsi yanavyoingia kwenye udongo na majani, na jinsi yanavyomdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima, kwenye akili hasa. Niliposikia hivyo nilikumbuka kwamba juu kidogo ya shamba la Mama Nekesa kulikuwa na kiwanda kidogo cha kuyeyusha betri kuukuu. Sikitaji jina, hata sasa, na mtaona kwa nini.

Nilimwomba ruhusa. Alicheka kwamba mtu anasomea majani chuo kikuu, akaniambia nije Jumamosi. Shamba lilikuwa chini kidogo ya kiwanda, kando ya mto, mistari imenyooka kuliko ya shule ya kilimo. Alinionyesha bomba la kiwanda na maji yake ya kijivu, akasema yeye huchota juu zaidi, lakini mvua ikinyesha yote huwa maji mamoja. Tulipomaliza alinipeleka nyumbani kwake kunawa. Mtoto wake wa mwisho, Barasa, alikuwa ndiyo anaanza kula. Mama Nekesa aliponda sukuma na ugali kwa mgongo wa kijiko mpaka vikawa uji, akamlisha huku tunaongea. Wakati naondoka aliniambia jambo moja.

"Ukimaliza kusoma hayo majani, mimi ndiyo uniambie wa kwanza. Sitaki kusikia kwa watu."

Nilimwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Majani niliyaweka kwenye mifuko ya kaki, mikavu. Maji niliyachukua kwenye chupa mbili, moja kwenye bomba la kiwanda, nyingine juu ya mto kabla ya bomba. Nilikuwa na kalamu mpya ya wino wa buluu, zawadi ya mama kwa kufika mwaka wa tatu, na siku hiyo nilijiona mwandishi kamili. Niliandika lebo za chupa kwa kalamu hiyo. Nilipofika maabara Jumatatu, lebo zote mbili zilikuwa zimegeuka madoa ya buluu. Mzee Mutiso aliziangalia, akaniangalia, akaenda kujimiminia chai.

Jibu lilirudi wiki moja kabla ya Pasaka. Majani ya Mama Nekesa yalikuwa na risasi mara kadhaa zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Chupa moja ya maji ilikuwa chafu sana na nyingine ilikuwa nafuu. Kila mtu mwenye macho angejua ipi ilitoka wapi, lakini hakuna mtu wa maabara ambaye angetia sahihi kwa macho. Dkt. Achola hakunigombeza. Alisema, rudi, chukua tena, ngoja matokeo ya pili, na kabla ya hapo usimwambie mtu yeyote.

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa ameinamia jiko, sukuma zinachemka kwenye sufuria. Nilimwambia palepale, hata mkoba sijautua. Mama hakubishana. Aliipua sufuria, akaimwaga yote kwenye ndoo ya takataka, akakaa kwenye kitanda. Kisha akauliza kama nimeshamwambia Mama Nekesa.

"Bado," nikasema. "Ni jibu moja tu, mama. Halijathibitishwa. Na wewe usimwambie, tafadhali. Utaniharibia kazi."

"Na mtoto wake je?"

"Ni wiki chache tu."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ninaomba mlisome polepole. Kwa mama yangu jibu moja lilitosha. Kwa Mama Nekesa nilitaka mawili. Wakati ule sikuliona hivyo. Nilijiambia kwamba habari ikivuja kiwanda kitafunga bomba kabla sijarudi, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba nikimwambia halafu matokeo ya pili yakakataa, nitakuwa nimemwangushia biashara bure, na hilo pia lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliogopa uso wake, na nilizipenda alama zangu. Kanuni ya Dkt. Achola ilinipa mahali pazuri pa kujificha.

Nilirudi shambani baada ya Pasaka, safari hii na penseli. Siku hiyo bomba la kiwanda lilikuwa kavu. Nilichukua majani, nikachukua udongo, nikachukua maji ya mto. Mama Nekesa alinishikia mifuko. Aliniuliza yale ya kwanza yalisemaje. Nikamwambia bado yako maabara. Alisema hao watu wa maabara wanapenda chai, tukacheka wote wawili.

Wiki hiyohiyo wanafunzi waligoma. Hata sababu siikumbuki vizuri, maana miaka ile hatukuhitaji sababu kubwa. Chuo kilifungwa, tukapewa saa chache za kuondoka, na maabara ikatiwa kufuli pamoja na mifuko yangu ndani yake. Nilikaa Mbotela nikingoja kufunguliwa kwa chuo, na kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Mama hakujua kudanganya. Alikuwa amenunua mboga langoni kila siku kwa miaka, sasa akawa anazunguka hadi soko la mbali na kuzificha chini ya vitambaa kwenye kiondo akipita mbele ya rafiki yake. Wiki ya kwanza alisema tumbo linamsumbua. Wiki ya pili alisema tumechoka na sukuma. Chai ya saa nne aliendelea kuipeleka kwa muda, lakini hakukaa tena kuinywa naye, kwa sababu akikaa angesema. Kisha akawa anamtuma mtoto wa jirani na kikombe. Kisha chai ikakoma. Jioni moja nilimwona Mama Nekesa akipita na kiti chake na beseni, akavipeleka kulaza nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alitusalimia vizuri.

Mama aliniuliza mara nyingi, "Umemwambia?" Nami kila mara nilisema chuo kikifunguliwa. Mwishoni aliacha kuniuliza. Angeweza kwenda kumwambia mwenyewe, lakini alikuwa mtu aliyeheshimu elimu kupita kiasi. Aliamini kwamba kama chuo kikuu kimesema anyamaze, basi kuna sababu ambayo mshonaji hawezi kuiona. Mimi ndiye niliyejua hakuna.

Chuo kilifunguliwa mvua zimeshakwisha. Matokeo ya pili yalikubaliana na ya kwanza kama mapacha. Dkt. Achola alifurahi, akaipeleka habari yangu kwa rafiki yake mhariri wa gazeti moja. Mhariri alifurahi pia, kisha akampelekea wakili, na wakili akasoma akiwa na rula. Kulikuwa na ushahidi gani dhidi ya kiwanda? Chupa moja yenye doa la buluu. Mara ya pili bomba lilikuwa kavu. Jina la kiwanda likakatwa. Maelezo ya bomba yakakatwa. Neno "betri" lenyewe likakatwa, kwa kuwa pale kulikuwa na kiwanda kimoja tu cha betri na kila mtu angejua. Kilichobaki kilikuwa kweli tupu: mboga, ukingo wa mto, Mukuru kwa Njenga, risasi. Waliweka kichwa kuhusu mboga za sumu zinazouzwa Eastlands, na picha ya shamba niliyoipiga mwenyewe.

Niliambiwa itatoka Jumapili. Nilipanga kwenda kwa Mama Nekesa Jumamosi. Ilitoka Alhamisi. Mteja mmoja ndiye aliyemsomea langoni, hadharani, huku amekaa nyuma ya mboga zake. Mama Nekesa alikunja gunia akaenda zake. Jumanne iliyofuata walikuja watu wenye mapanga na slasha, wametumwa na ofisi ambayo haikuacha hata karatasi, wakafyeka ukingo wote. Kiwanda kiliendelea kuyeyusha. Nilikwenda kesho yake, Jumatano. Majani yalikuwa yamelala kwenye matope kwa mistari ileile, na akina mama wawili walikuwa wakiokota yaliyofaa.

Mama Nekesa alikuwa amekaa kwenye mlango wake akifua nguo za watu. Nilijieleza kwa muda mrefu. Nilimweleza wakili, mhariri, Alhamisi na Jumapili, doa la wino. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni serikali, mami," akasema. "Wewe ulifanya kazi yako. Na hiyo mboga kama ni mbaya ni mbaya. Afadhali tumejua."

Aliuliza ni lini nilijua. Nikasema, matokeo ya pili yametoka juzijuzi. Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Alinikaribisha chai na nikainywa.

Nilitoka pale nimepata nafuu kubwa, na hiyo nafuu ndiyo inayonichoma zaidi. Habari ile ilinipatia kazi. Yule mhariri aliniita kabla sijamaliza mtihani wa mwisho, na kwa muda mrefu nilipotambulishwa kwa wageni walisema huyu ndiye wa mboga. Nilinunua penseli kwa katoni. Niliripoti vumbi la simenti, moshi wa majalala, samaki waliokufa, kipindupindu, na sikutoa hata moja bila matokeo mawili. Mkiniuliza kiufundi, nilikuwa mwandishi mzuri.

Mama Nekesa hakurudi Mbotela kuuza. Alifua nguo, baadaye akauza mahindi ya kuchoma karibu na kituo kwao Mukuru. Nilikutana na Nekesa mara moja mjini, amekuwa msichana mkubwa. Aliniambia Barasa amefika miaka minne na bado maneno yanamshinda, wanamwita jina anaangalia kwingine. Walimpeleka kliniki wakaambiwa wangoje, kuna watoto wanaochelewa. Mimi sijui ni nini. Hakuna aliyempima damu wakati kupima kungekuwa na maana, na kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni risasi, wala siwezi kuandika kwamba si risasi. Kwa kazi yangu mtu wa namna hiyo haingii kwenye habari.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha mama alifariki, kwa shinikizo la damu, ghafla, akiwa kwenye cherehani. Watu walikuja nyumbani wiki nzima kama ilivyo kawaida yetu, maombi jioni na chakula mchana. Siku ya tatu, mchana, Mama Nekesa aliingia. Hatukuwa tumemtumia habari, alisikia tu. Alinikumbatia, akalia vizuri, kisha akajifunga leso kiunoni, akaingia nyuma na kuchukua ungo wa mchele kana kwamba hakuwahi kuondoka. Nilikaa kando yake nikichambua mbaazi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyokuwa imepita.

Kisha akasema kuna jambo alikuwa anataka kumuuliza mama na hakupata nafasi, na sasa halina wa kulijibu isipokuwa mimi.

"Ile wakati aliacha kununua kwangu," akasema. "Ilikuwa karibu na Pasaka. Akaacha kukaa na mimi. Nilimkosea nini?"

Ningeweza kusema sijui. Mama alikuwa ameshakufa, na hakuna maabara duniani ambayo ingenipinga. Lakini nilimwona akinitazama. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba kosa ambalo hakulifanya, akilitafuta kila mahali, neno gani alisema, nini alichukua bila kuomba. Nikamwambia hakumkosea kitu. Nikamwambia ni mimi niliyemkataza mama asimwambie. Nikamweleza sufuria iliyomwagwa, na jinsi mama alivyoniuliza kila wiki.

Mikono yake iliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Kwa hivyo ulijua Pasaka."

"Kabla ya Pasaka."

"Na ulipokuja mara ya pili, nikakushikia mifuko."

"Nilikuwa najua."

Alihesabu, niliona midomo ikihesabu. Hakuhesabu shamba wala gazeti. "Barasa ndiyo alikuwa anaanza kula," akasema.

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia kuhusu kanuni, kwamba jibu moja halitoshi, kwamba lingeweza kuwa limekosewa, kwamba sikutaka kumtisha bure. Niliyasema yote kwa mpangilio mzuri, maana nilikuwa nimeyapanga kwa miaka. Alinyoosha mkono akaniwekea kwenye goti, si kwa ukali, ninyamaze.

"Ungeniambia tu vile ulimwambia mama yako," akasema. "Kwamba haujui vizuri. Hayo matokeo ya pili tungengoja pamoja, na mtoto ningempikia kitu ingine."

Alimaliza mchele. Alipepeta ungo wa mwisho, akaumimina kwenye sufuria, akaufunika ili vumbi lisiingie. Alifungua leso, akaikunja, akaaga wazee waliokuwa sebuleni mmoja mmoja kwa mkono. Mimi aliniambia pole kwa msiba. Kwenye mazishi hakuja.